Fisi, Daudi na Mwana Aliyebaki Nje

LUGANO: Karibu tena, msikilizaji. Hapa Mbeya baridi ya Julai imekaza, watu wanaota moto jikoni, na saa ya hadithi ndiyo hii. Dada Atupele, hadithi hadithi!

ATUPELE: Hadithi njoo! Kaka Lugano, leo nina neno na wenzangu tunaofundisha shule ya Jumapili. Hadithi ikiisha tu tunawahi: "Tunajifunza nini?" Watoto wanaitikia kwa pamoja, "Tusiwe na tamaa!" Jibu wanalo kabla fisi hajafika njia panda.

LUGANO: Yule aliyenusa nyama pande zote mbili?

ATUPELE: Huyo huyo. Mguu huku, mguu kule, mpaka akapasuka msamba. Bibi yangu kule Tukuyu alikuwa anaishia hapo. Anachochea moto, basi. Fisi unabaki naye wewe.

LUGANO: Lakini mtoto si lazima aelekezwe?

ATUPELE: Aelekezwe, ila hadithi ipewe nafasi kwanza. Mwangalie nabii Nathani, 2 Samweli 12. Daudi amemchukua mke wa Uria, na Uria mwenyewe amepangiwa kufa vitani. Mfalme wa namna hiyo unamkemeaje? Nathani akampelekea hadithi: tajiri ana kondoo na ng'ombe wengi sana, maskini ana mwanakondoo mmoja tu, anakula naye, analala kifuani pake. Tajiri akapata mgeni. Akaiacha mifugo yake, akamchinja yule mmoja wa maskini.

LUGANO: Daudi akawaka hasira.

ATUPELE: Akahukumu kabisa! Mtu huyo anastahili kufa, na alipe mara nne. Ndipo Nathani akamwambia, mtu huyo ni wewe. Hukumu imeshamtoka kinywani, hawezi kuirudisha. Angeanza na fundisho, Daudi angepata pa kujitetea.

LUGANO: Hapo umenigusa. Na Luka 15 je? Mahubiri mengi yanaishia kwa mwana mpotevu, yule aliyetapanya urithi wake, akarudi, na baba akamfanyia karamu. Mimi huwa namfikiria kaka yake. Miaka yote kamtumikia baba, hajapewa hata mwanambuzi. Yuko nje, anasikia watu wanacheza ndani, baba ametoka kumsihi, na hadithi inakatika. Hatuambiwi kama aliingia.

ATUPELE: Na kumbuka wasikilizaji walikuwa nani. Mafarisayo na waandishi, walionung'unika kwamba Yesu anakula na wenye dhambi. Kuingia au kutoingia ilikuwa juu yao.

LUGANO: Sasa darasani unafanyaje?

ATUPELE: Nauliza tu: ungekuwa wewe, umepalilia viazi vya baba miaka yote, mdogo wako amemaliza urithi mjini, leo anachinjiwa ndama. Ungeingia? Mtoto mmoja akasema, "Ningeingia, lakini nisingekula."

LUGANO: Lo!

ATUPELE: Mwenzake akamgeukia: "Sasa baba atakula vipi, na wewe umenuna?" Wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, na mimi nikakaa chini nikawasikiliza.