Moshi wa bandari hauishii getini (mazungumzo Mbeya)

Haya jamani tuanze, mlioko nyuma sogeeni mbele viti vipo.

Nimeambiwa niongelee hewa ukaa bandarini, ile gesi ya kaboni inayopasha dunia joto, na najua kuna mtu hapa anajiuliza Mbeya na bandari wapi na wapi, bahari yenyewe iko zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa. Sasa mimi nasema moshi wa bandari ya Dar tunauvuta sisi, hapahapa barabarani.

Bandari ikijihesabia moshi wake peke yake, taa za ofisi, magari ya mabosi, winchi, inapata kahesabu kadogo ka kujipongezea. Moshi mwingi uko kwa wateja wake, meli na malori. Bandari ya Los Angeles tangu 2005 wanaandika kila mwaka moshi wa meli, tagi zinazovuta meli, treni, malori na mitambo ya kupakulia, vyote daftari moja. Na humo kuna kitu cha kushangaza, masizi ya dizeli yameshuka zaidi ya asilimia 85 lakini hewa ukaa haijashuka hivyo hata kidogo. Masizi unaweka chujio, unabadili mafuta, yanakamatika. Hewa ukaa ya lori huwezi kuichuja kwenye ekzosi, dawa ni kuchoma mafuta kidogo tu, basi.

Meli nayo ikifunga gatini haizimi kila kitu, jenereta zinaunguruma mchana na usiku kwa ajili ya taa, pampu na makontena ya friji, na parachichi za Rungwe na Njombe zikishapakiwa zinapoozwa na hizohizo jenereta. Wenzetu wa Los Angeles tangu 2004 wanachomeka meli za makontena kwenye umeme wa nchi kavu. Hiyo ukifanya kwenye nchi inayofua umeme kwa makaa ya mawe unahamisha moshi tu, ila sisi tuna Bwawa la Nyerere, megawati 2,115 za maji, kwa hiyo kwetu ingeleta maana kweli.

Tuje kwenye malori. Dar hadi Tunduma, pale mpakani na Zambia, ni kilomita 900 na ushee. Tuchukulie semi yenye mzigo inakula lita 45 kila kilomita 100, madereva mtanirekebisha maana mlima wa Kitonga peke yake una hesabu zake. Hiyo ni zaidi ya lita 400, na lita moja ya dizeli inatoa kama kilo 2.7 za hewa ukaa, ndio, nzito kuliko lita yenyewe, kwa sababu kaboni inashikana na oksijeni ya hewani. Safari moja, kwenda tu, tani moja na zaidi. Bado foleni ya Tunduma, injini zinawashwa zinazimwa, unasogea urefu wa trela moja unasimama tena.

Na reli tunayo! TAZARA, reli ya Dar hadi Zambia, ilijengwa 1970 hadi 1975, ikapangiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, miaka ya karibuni haifikishi hata robo yake. Treni ya dizeli hiyohiyo inabeba tani moja kwa mafuta kidogo kuliko lori, kama mara 3 hivi. Mwaka 2025 umesainiwa mkataba na Wachina wa dola bilioni 1.4 kuifufua, na kwangu mimi huo ndo mradi wa mazingira wa bandari ya Dar, hata kama hakuna aliyeuita hivyo.

Najua mnachowaza, madereva watakula wapi, na mama lishe wa njiani, Makambako na Mpemba, je? Ni swali la haki. Mimi naona shaba ya Zambia na Kongo ipande treni, mzigo wa hapa kwa hapa, mbolea, mchele wa Kyela, viazi, ubaki kwa malori, ila wenye malori wakae kwenye meza ya TAZARA mapema, wasije kusikia redioni.

Maswali. Wewe dereva umenyoosha mkono tangu niliposema lita 45, haya sema, yako inakula ngapi?