Krismasi ya Waliobaki Mjini

MAMA KOKU: Bwana Yesu asifiwe, wasikilizaji wetu.

BARAKA: Ameni. Mimi ni Baraka, niko na Mama Koku kama kawaida, na mlio mnaousikia nyuma ni boda. Tumefunga dirisha, haisaidii. Hii ni Kampala.

MAMA KOKU: Jumapili tumewasha mshumaa wa kwanza wa Majilio, zile wiki nne za kungoja Krismasi, kwa hiyo leo tuzungumze Krismasi ya usharika wetu. Usharika mdogo, wa Kilutheri, wa Kiswahili, ndani ya mji ambao watu wakisikia kanisa wanakuuliza kwanza: la Namirembe au la Rubaga?

BARAKA: Yaani Mwanglikana au Mkatoliki. Ukisema Mlutheri, mtu anakutazama kana kwamba umemtajia dawa.

MAMA KOKU: Na wewe mwenyewe ulikuwa hivyo hivyo. Waambie.

BARAKA: Nakiri. Mimi ni mtu wa Kivu Kaskazini. Tulikimbia 2012, tukapokelewa Rwamwanja, kambi ilikuwa imefunguliwa upya mwaka huo huo kwa ajili yetu Wakongomani. Kule neno Lutheran nililiona kwenye vibao vya mradi, maana Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Ulimwenguni lilikuwa linafanya kazi pale. Mimi kijana nikajua Lutheran ni kampuni ya maji.

MAMA KOKU: Kampuni ya maji!

BARAKA: Kweli kabisa, mama. Nilipofika Kampala jirani akaniambia twende kanisani kwetu, Lutheran, nikamuuliza: mnasali hadi kisimani?

MAMA KOKU: Mimi nimezaliwa ndani yake. Bukoba, ubatizo, kipaimara, kwaya, ndoa, vyote huko. Niliolewa huku, ndiyo maana mnaniona. Ila kuna jambo huwa nawaambia Waganda wanaotuona wageni. Injili ya upande wetu wa Buhaya ilitoka hapa kwenu. Wahaya wa kwanza walikuja Buganda, wakajifunza kusoma, wakarudi na vitabu vya Kiganda. Wamisionari wa shirika la Betheli kutoka Ujerumani walipofika Bukoba 1910, walikuta watu wameshaanza kusali. Kwa hiyo mimi kuja kusali Kampala sijavamia nyumba ya mtu. Nimerudi kwa bibi.

BARAKA: Sasa bibi naye kasahau jina lako.

MAMA KOKU: Bibi kazeeka, tunamsamehe. Haya, Majilio.

BARAKA: Majilio ndiyo ilinishinda mwaka wa kwanza. Nimetoka kanisa la Kipentekoste, kule Novemba ikianza tu, nyimbo za Krismasi, ngoma, kinanda mpaka spika inapasuka. Nikajiunga na kwaya hapa. Tukafanya mazoezi ya nyimbo za Krismasi wiki tatu, Jumapili tukasimama, mchungaji akasema: hizo bado. Bado! Rangi ya altare ni zambarau, tunangoja. Masomo yenyewe ni Yohana Mbatizaji anawaita watu wazao wa nyoka. Nikawaza, hawa watu furaha wameiweka stoo?

MAMA KOKU: Imewekwa, na ufunguo unatolewa tarehe 24 jioni. Zambarau inashuka, nyeupe inapanda. Mtoto akiona kitambaa cheupe pale mbele, hahitaji kuambiwa kitu.

BARAKA: Lakini mbona redio zote mjini zinapiga Krismasi tangu Oktoba?

MAMA KOKU: Redio inauza sabuni, Baraka. Sisi hatuuzi sabuni.

BARAKA: Basi tueleze lile taji la mishumaa minne, maana hapa ndipo kesi yangu ilipo.

MAMA KOKU: Kesi tutaifika. Taji lenyewe lilianzia Hamburg, 1839. Mwanateolojia mmoja, Johann Hinrich Wichern, alikuwa na nyumba ya kulelea watoto maskini, wale ambao hawakuwa na mahali. Watoto wakawa wanamsumbua kila siku: Krismasi lini? Lini? Akachukua gurudumu la mkokoteni, akapanga mishumaa, midogo ya siku za kawaida, mikubwa minne ya Jumapili. Kila siku wanawasha mmoja, wanahesabu wenyewe. Baadaye ikabaki ile minne.

BARAKA: Kumbe ilianza kama kalenda ya watoto wasio na kwao.

MAMA KOKU: Ndiyo. Sisi gurudumu hatuna, tunasuka mduara wa kamba za mgomba, tunachomeka majani mabichi yale wanayouza kando ya barabara. Linapendeza. Sasa kesi.

BARAKA: Mama, nijitetee kwanza. Ilikuwa Alhamisi, mazoezi ya kwaya, mwaka jana. Umeme ukakatika. Simu zote chaji imekwisha. Tulikuwa na sauti ya tatu bado haijashika, na Jumapili iko mlangoni.

MAMA KOKU: Endelea.

BARAKA: Tukawasha mshumaa mmoja tu.

MAMA KOKU: Mmoja gani?

BARAKA: ...Wa nne.

MAMA KOKU: Wasikilizaji, mshumaa wa nne wa Majilio unatakiwa uwe mrefu kuliko wote, maana ndio unaowashwa mwisho. Jumapili ya pili naingia kuandaa altare, nakuta wa kwanza mrefu, wa pili mpya, wa tatu mpya, wa nne kisiki! Mzee wa kanisa akanitazama mimi. Mimi! Miaka yote nimetunza vyombo vya kanisa, nimeonekana mla mishumaa.

BARAKA: Lakini sauti ya tatu ilishika.

MAMA KOKU: Ilishika. Hilo sikatai.

BARAKA: Tuingie kwenye mnada, maana Waganda wangu niliowaleta kanisani wanaulizia huo tu.

MAMA KOKU: Mnada ni wetu, Walutheri wa Tanzania. Mtu hana fedha, analeta sadaka ya alichonacho: kuku, mkungu wa ndizi, mayai, maboga. Baada ya ibada tunatoka nje, mzee wa kanisa anasimama juu ya benchi, anauza. Sheria ni moja tu: aliyenunua halazimiki kuondoka nacho. Anaweza kukirudisha kiuzwe tena.

BARAKA: Novemba niliona yai moja linauzwa mara tano. Yai! Dukani shilingi 500. Wa kwanza kalinunua 5,000 karudisha, wa pili 10,000 karudisha, mpaka likafika 20,000. Nikasema hili yai limesoma chuo kikuu.

MAMA KOKU: Na yule wa mwisho akampa mtoto wa mjane akakaange. Mnada usipokuwa na kicheko ni duka tu. Ila mwaka huu kilichotikisa watu ni senene, wale panzi wa kuliwa.

BARAKA: Aa, senene!

MAMA KOKU: Waganda mwezi wa Novemba wanauita Musenene, na sisi Wahaya msimu wao tunaujua kama siku ya mshahara. Mwenzetu mmoja alipita Masaka, kule wanakowategea usiku, mataa makali, mabati yamesimamishwa, wadudu wanagonga bati wanateleza ndani ya mapipa. Akaleta kikapu kizima, kimeshachambuliwa mbawa na miguu. Mzee wa kanisa hata hajapanda benchi, Wahaya na Waganda wameshaanza kubishania bei.

BARAKA: Sisi Wakongomani tukasimama pembeni na heshima zetu.

MAMA KOKU: Usidanganye watu. Ulikula.

BARAKA: Nilionja. Fedha za mnada ule ndizo zimetengwa kwa ajili ya chakula cha Krismasi, na hapa ndipo mimi na Mama Koku tuligombana kikaoni. Tugombane na hapa?

MAMA KOKU: Hatukugombana. Nilikuwa upande usio sahihi, nikakaa huko miaka mingi. Ngoja nieleze. Kampala Krismasi ni mji wa kuhama. Kuanzia tarehe 20 stendi hazipitiki. Kila mtu kijijini, Masaka, Mbarara, Mbale. Nauli inapanda karibu mara mbili. Sisi wa Bukoba tunashuka Masaka, Kyotera, Mutukula, tunavuka. Kwa hiyo mimi kwenye kikao nilikuwa nasema kila mwaka: karamu ifanyike Jumapili ya nne ya Majilio, kabla watu hawajaondoka. Tarehe 25 utampikia nani? Safu tatu za viti?

BARAKA: Na sisi wa safu tatu tulikuwa tumekaa pale pale kikaoni tunakusikiliza.

MAMA KOKU: Mlikuwa mmekaa. Mungu anisamehe, sikuwaona. Halafu mwaka juzi nikanunua tiketi ya basi mapema, nimefunga mzigo, zawadi za mama, kila kitu. Nafika stendi, kiti changu kimeuzwa kwa mtu mwingine, na yeye ana tiketi halali kama yangu. Basi la pili limejaa. La tatu wanataka bei ya mbuzi. Nikarudi nyumbani nimenuna. Asubuhi ya Krismasi nikaenda kanisani kwa hasira tu, nisikae peke yangu.

BARAKA: Na nilikuona, uliingia kama mtu anayedai deni.

MAMA KOKU: Miaka yote niliyokaa Kampala, sikuwahi kuiona Krismasi ya usharika wangu mwenyewe. Nilikuta safu tatu. Familia za Kongo. Mwanafunzi kutoka Sudan Kusini ambaye Kiswahili anakisikia nusu. Mama mmoja mfanyakazi wa ndani, bosi wake kasafiri kamwachia nyumba na mbwa. Na yule kijana mlinzi, katoka lindo la usiku na sare yake, kofia kaiweka magotini, mahubiri yalipoanza tu akalala. Mchungaji hakumwamsha. Akashusha sauti.

BARAKA: Alishusha kweli. Mpaka sisi wa nyuma tukawa hatusikii.

MAMA KOKU: Somo ni Luka 2, lile la kila mwaka. Wasafiri, nyumba ya wageni imejaa. Mimi nimetoka kukosa kiti cha basi. Na wachungaji wa mifugo wako lindoni usiku. Nikamtazama yule kijana na kofia yake. Sikusikia tena mahubiri.

BARAKA: Sisi mama, nikuambie ukweli, hatukuwa tunajihurumia. Kwetu mimi siwezi kurudi kwa sasa, hilo nimeshalizoea. Tulikuwa tunasema ninyi ndio mnaokosa. Siku ile ndiyo tunaimba kwa uhuru, kila mtu anaimba kwa lugha yake, hakuna mzee wa kanisa wa kutuangalia saa. Na igizo la watoto! Ulilionaje?

MAMA KOKU: Maria anazungumza Kiganda, Yusufu Kiswahili, malaika katangaza habari njema kwa Kifaransa.

BARAKA: Na mamajusi wawili, wa tatu kapelekwa Mbarara kwa bibi yake. Mzazi mmoja akalalamika. Mchungaji akamjibu afungue Mathayo 2 amwonyeshe palipoandikwa watatu. Hapajaandikwa.

MAMA KOKU: Baada ya ibada hakukuwa na chakula, kwa sababu karamu ilishaliwa na sisi tunaosafiri. Kwa hoja yangu mimi. Watu wakapeana mikono, wakaondoka. Yule mlinzi alinunua chapati na mayai pale barabarani, akala amesimama. Nikasema hapana. Mwaka uliofuata kikaoni nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

BARAKA: Kwa hiyo sasa kwa mara ya pili chakula ni tarehe 25 yenyewe. Matoke, wali, mbuzi, na luwombo wa kuku atakaosimamia mama mmoja Mganda, maana sisi tukifunga kwenye majani ya mgomba mchuzi wote unatoroka.

MAMA KOKU: Na wasafiri wasinung'unike. Krismasi ya kanisa haiishi tarehe 25, ina siku kumi na mbili, mpaka Epifania, Januari 6. Bukoba kwetu hata tarehe 26 watu wanarudi kanisani, watoto wanabatizwa. Mkirudi kutoka vijijini, njooni Epifania na mnada wa mlichobeba. Januari hakuna mwenye fedha, lakini ndizi zipo.

BARAKA: Mkesha je? Watu wanauliza saa.

MAMA KOKU: Saa kumi na moja jioni, tarehe 24, ili watu warudi nyumbani usafiri ungalipo. Tarumbeta tutakuwa nazo mbili tu mwaka huu. Kule kwetu kuna sharika zina kundi zima, wanapuliza alfajiri mpaka ng'ombe wanaamka. Hapa majirani wangetuitia polisi.

BARAKA: Kwaya ni Jumamosi saa nane. Anayekuja kupika aje na sufuria yake, na aandike jina chini, mwaka jana ziligeuka mali ya umma.

MAMA KOKU: Mlinzi wetu naye nimeshampigia. Ana lindo tena usiku huo. Nimemwambia aje na sare hivyo hivyo, sahani yake itafunikwa.

BARAKA: Na Mama Koku, umeme ukikatika Jumamosi?

MAMA KOKU: Njoo na tochi. Mishumaa iko kabatini, na ufunguo nalala nao.