Kilti Ndani ya Ndege: Uivae au Uifunge Begini?

ZUHURA: Assalaam aleikum, na habari za popote mlipo. Leo hatuko kwenye simu kama kawaida, tumekaa meza moja hapa Unguja. Kaka Hamisi amekuja kutoka Glasgow, Uskoti, kwa harusi ya shemeji yake, nami nimepanda boti kutoka Dar. Nimefika, nimeikuta kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Kiskoti, imetundikwa dirishani, nikaigeuza nyuma kuangalia marinda. Nimeumia.

HAMISI: Hata chai aliikataa.

ZUHURA: Waambie wasikilizaji ulichofanya.

HAMISI: Nimesafiri nayo mwilini. Glasgow mpaka Dubai, saa saba na ushee, halafu Dubai mpaka hapa. Na wakati wa kurudi nitaivaa tena.

ZUHURA: Nimeandika mambo matano ya kuzingatia ukichagua nguo ya safari ndefu, yako hapa mbele yangu. Ila kwanza jieleze.

HAMISI: Kilti hii nilishonewa na baba mkwe nilipooa, tartani, yaani kitambaa cha mistari ya mraba, ya ukoo wao. Kwenye nikahi bwana harusi atavaa kanzu, lakini karamu ya siku ya pili wanaume wote wa upande wake ni kilti. Sasa begi likipotelea Dubai? Kanzu hapa Unguja nitaazima nyumba yoyote. Kilti nitaazima kwa nani?

ZUHURA: Begi la mkononi ulikuwa nalo.

HAMISI: Lilikuwa na koti, viatu vya kamba ndefu na soksi za sufu. Kilti peke yake ni yadi 8 za sufu, karibu kilo 2. Kitu pekee nilichokitia kwenye mzigo wa chini ni kile kisu kidogo cha soksini, sgian dubh, maana ukifika nacho kwenye ukaguzi hupiti.

ZUHURA: Na ule mkoba wa mbele?

HAMISI: Sporani. Ina mnyororo wa chuma, na kilti yenyewe ina bizimu kiunoni, kwa hiyo mashine ililia. Nikavua sporani nikaiweka kwenye trei. Dada wa ukaguzi akaifungua taratibu: pasipoti, miwani, tasbihi, na kikaratasi cha karafuu.

ZUHURA: Cha nini?

HAMISI: Karafuu. Ndege ikianza kuyumba natafuna moja, tumbo linatulia.

ZUHURA: Ulizinunua wapi?

HAMISI: Dukani, Glasgow.

ZUHURA: Ukazileta Unguja.

HAMISI: Zilibaki chache.

ZUHURA: Ukazileta Unguja! Watu wa Pemba wamepanda mikarafuuni, wamechuma, wameanika majamvini, wamepeleka ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, kupimiwa, wewe unazirudisha nyumbani ndani ya mkoba wa Kiskoti. Magendo ya kutoka tunayajua. Ya kuingia umeyaanzisha wewe.

HAMISI: (anacheka) Dada, tulikuwa kwenye kilti.

ZUHURA: Zilete nizione. Idi, usizime, endelea kurekodi. Haya, angalia. Hii ina makonyo, vile vijiti vya shada. Hii haina hata kichwa. Karafuu nzuri ukiiminya kwa ukucha inatoa mafuta, hii imekauka kama kijiti. Wasikilizaji, nimeminya, hakuna kitu.

HAMISI: Lakini ilinifikisha.

ZUHURA: Alfajiri nilipita sokoni Darajani, karafuu zimejaa pomoni. Naenda kukununulia, na hizi nazitupa.

HAMISI: Acha, zina kazi ya kurudi. Nasema hivi: nilivyokaa kwenye kile kiti sikujuta. Miguu haikubanwa, magoti yako huru. Sporani unaisogeza ubavuni, mkanda wa kiti unapita juu ya kitambaa, unatulia. Na kukaa kwenyewe kuna adabu yake. Unapeleka mikono nyuma, unayapangusa marinda chini kwa viganja, ndipo unakaa.

ZUHURA: Unayalalia saa saba! Mimi ni fundi cherehani, hapa siwezi kunyamaza. Rinda la sufu limeshonwa kwa mkono, limepigwa pasi ya mvuke, kila mstari wa tartani umepangwa uangukie pale pale ulipo kwenye kitambaa. Nguo kama hiyo inapigwa bandi. Unachukua uzi mweupe, unashikiza marinda yote chini, safu mbili. Halafu huikunji, unaizungusha kwa urefu kama jamvi, unaivisha mguu wa soksi ndefu ya nailoni iliyokatwa, unaiweka begini. Ukifika unatoa uzi, nguo iko kama ilivyotoka kwa fundi. Umewaona vijana wanaocheza ngoma za Kiskoti mashindanoni? Ndivyo wanavyobeba zao.

HAMISI: Wale wana safari kila wiki. Mimi naenda harusini. Na mashabiki wa timu yao ya taifa, wale wa Tartan Army, walikwenda Ujerumani mwaka 2024 nazo mwilini, ndege zimejaa kilti.

ZUHURA: Walikuwa wanakwenda mpirani. Ukakae mbele ya bi harusi na marinda yaliyolaliwa?

HAMISI: Nitayapiga pasi.

ZUHURA: Nani atayapiga? Si wewe. Na stara je? Pale uwanja wa ndege mnashuka ngazi, na kusi inavuma.

HAMISI: Uzito wenyewe ni stara. Na chini nilivaa kaptula, hilo halina mjadala. Ninachokataa ni kwamba nguo ya heshima ifichwe. Baada ya vita vya Culloden, kule Uskoti, serikali ya London ilitunga sheria mwaka 1746, mwanamume wa Uskoti akivaa kilti, kama si askari, kosa la kwanza miezi sita jela, la pili anapelekwa ng'ambo miaka saba. Ilifutwa 1782 tu. Baba mkwe alinisimulia hayo siku ananikabidhi. Watu walifungwa kwa kuivaa, leo niione aibu kupita nayo Dubai?

ZUHURA: Hayo ndiyo yananipa nguvu mimi. Nguo iliyofungisha watu inatunzwa. Haigeuzwi shuka la kulalia ndani ya ndege.

HAMISI: Nguo inatunzwa kwa kuvaliwa.

ZUHURA: Inatunzwa kwa kutunzwa, kaka.

HAMISI: Basi hapo hatutaelewana.

ZUHURA: Hatutaelewana. Mama yangu hakuwahi kupanda basi na gauni la harusi, na mimi sitakubali.

HAMISI: Na baba mkwe alipanda treni kutoka Inverness amevaa yake, akashuka amenyooka.

ZUHURA: Treni unasimama, unatembea. Ndege umekaa.

HAMISI: Mimi nilisimama. Nilitembea mpaka nyuma kwa wahudumu, wakaniuliza tartani ya ukoo gani.

ZUHURA: Ukawagawia karafuu.

HAMISI: Mmoja alichukua.

ZUHURA: Ya Rabi! Na yule kaenda Dubai na makonyo. Idi anaonyesha dakika moja. Yale mambo matano?

HAMISI: Hatujagusa hata moja.

ZUHURA: Yabaki kwenye karatasi. Nina uzi mweupe kwenye mkoba, na sindano. Marinda nayapiga pasi leo jioni kwa kitambaa kibichi, usiniletee ubishi.

HAMISI: Pasi nakubali. Bandi sikubali.

ZUHURA: Wiki ijayo tuna mgeni, fundi viatu wa Tanga, msikose.