Siku ya Tatu Ilikuwa Lini?

MASANJA: Haya, tumewasha. Karibuni tena, wenzetu wa Mwanza na wa kando ya ziwa lote, na ninyi mlioko Dar mnaojifanya mmesahau ladha ya sato. Mimi Masanja.

NEEMA: Mimi Neema. Na kabla hujafungua mdomo, yule mbuzi wa kipindi cha nyuma hatumzungumzii leo.

MASANJA: Mbuzi amepumzishwa. Leo nimekuja na karatasi, dada Neema. Tuliahidi hadithi za taharuki, zile za kisaikolojia. Hakuna jini, hakuna damu, ila familia inamkaribisha mtu ambaye hayuko sawa, halafu nyumba inaanza kubadilika polepole. Nina masomo matatu kwa wanaoandika. Nimeyapigia na mstari.

NEEMA: Na mimi nimekuja na macho mekundu. Leo Jumamosi, sijalala vizuri tangu Jumatatu.

MASANJA: Nilidhani ni mafua.

NEEMA: Ni mgeni.

MASANJA: Aisee. Karatasi naiweka pembeni kidogo.

NEEMA: Jumatatu jioni mama alishuka gati la Kamanga kupokea mihogo yake kutoka Sengerema. Kivuko kikashusha watu, watu wakaisha, msichana mmoja akabaki amekaa chini pale pale. Kumi na tisa, ishirini hivi. Kiatu kimoja. Mama akamuuliza, "Mwanangu, unakwenda wapi?" Akajibu, "Kivuko kimeshaondoka?" Na kivuko kipo mbele yake, kinapakia magari.

MASANJA: Mbele yake kabisa?

NEEMA: Angenyoosha mkono angekigusa. Sasa mama yangu unamjua.

MASANJA: Mama yako angemchukua hata kiboko akimkuta analia.

NEEMA: Akampandisha bajaji mpaka Pasiansi. Saa moja jioni nasikia hodi, nafungua, mama ananiambia, "Mpishe mgeni apite." Basi. Hakuna utambulisho.

MASANJA: Na wewe ukapisha.

NEEMA: Nyumba ni ya mama. Mimi na mwanangu Faraja wenyewe pale ni wageni wa miaka sita. Nikamvuta jikoni, namnong'oneza, mama, huyu ni nani? Akaniambia, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mpaka ya tatu hakuna kumhoji mtu. Maswali nayo ni jembe.

MASANJA: Sawa. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Jumatano asubuhi unamkalisha chini, unauliza.

NEEMA: Hapana. Alhamisi.

MASANJA: Alhamisi imetoka wapi?

NEEMA: Mama ni mtu wa Pangani, kaka. Kwao jua likizama siku imekwisha. Mgeni kaja saa moja, jua limeshazama, kwa hiyo hakuja Jumatatu. Alikuja usiku wa Jumanne.

MASANJA: Kwenye simu yako iliandikwa nini?

NEEMA: Simu yangu haijalelewa Pangani. Jumanne ya kwanza, Jumatano ya pili, Alhamisi ya tatu.

MASANJA: Ngoja. Angefika saa kumi na mbili na nusu, jua bado liko juu ya maji?

NEEMA: Ingekuwa Jumatatu. Angeipoteza siku nzima kwa dakika chache.

MASANJA: Kumbe! Mgeni mjanja anasubiri pale kona mpaka adhana ya magharibi ndiyo apige hodi. Kwetu Magu huyo tungemwona, tungemtumia mtoto amlete kabla jua halijazama.

NEEMA: [kicheko] Ninyi mnapeana jembe mlangoni.

MASANJA: Lakini subiri, subiri. Kama siku inaanza jua likizama, hiyo Alhamisi yenu inaanza Jumatano jioni!

NEEMA: …Ndiyo.

MASANJA: Na mimi nilisema Jumatano!

NEEMA: Ulisema Jumatano asubuhi. Asubuhi bado ni ya pili.

MASANJA: Saa kumi na mbili tu tumekosana! Na nikwambie lingine, hata majina ya siku yanamkinga mgeni. Jumatano ni ya tano kwetu, tunahesabu toka Jumamosi. Alhamisi ni ya tano kwa Waarabu, wao wanaanza Jumapili. Wiki yetu ina tano mbili, zimefuatana. Ukikaribishwa hapo katikati una siku ya bure.

NEEMA: Hii nampelekea mama. Atakwambia ndiyo sababu wageni wake wote huja katikati ya wiki.

MASANJA: Na jembe lenyewe Pasiansi la nini? Shamba lenu ni ile ndoo ya mchicha.

NEEMA: Ndoo mbili. Na hapo ndipo panaponisumbua, maana yule binti hakusubiri kupewa. Jumanne kabla hatujaamka masufuria yote yameshasuguliwa, hata lile lililoungua tangu Pasaka. Na Jumatano, kaka, Jumatano nimeamka namkuta Faraja kichwa chote kimesukwa.

MASANJA: Kimesukwa na nani?

NEEMA: Usiku. Umeme tulikuwa hatuna, giza totoro. Mistari imenyooka kama imepigwa rula, kumi na minne, nimehesabu. Namuuliza mtoto, hukuamka? Anasema, "Niliamka. Akasema tusimwamshe mama."

MASANJA: Mayu!

NEEMA: Nikamkimbilia mama yangu. Unajua alijibu nini? "Amekuokolea elfu tano."

MASANJA: Hapo mimi ningekuwa kwa mjumbe na kandambili mkononi.

NEEMA: Na kila usiku, saa nane, nasikia nyayo ukumbini. Natoka, amesimama kwenye mlango wa mbele, hajaugusa. Ananigeukia kwa upole kabisa, "Dada, kivuko kimeshaondoka?" Namwambia bado, kalale. Anarudi kwenye godoro.

MASANJA: Unajua, mtu wa ziwa akisikia hivyo anafikiria Ukara moja kwa moja. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka huko 20 Septemba 2018, kimekaribia kabisa gati, wakafa watu zaidi ya 200. Yeye wakati ule alikuwa mtoto. Labda mama yake…

NEEMA: Simama hapo. Umeshamtungia. Hakutaja Ukara, hakutaja Nansio, hakutaja mama. Alitaja kivuko. Usimpe msiba wa watu wengine kwa sababu unamkaa vizuri.

MASANJA: Natafuta kuelewa.

NEEMA: Unatafuta sura ya mwisho.

MASANJA: Haya, nimepigwa. Basi niingize somo la kwanza, maana linaingia hapa hapa. Kuna tamthilia ya Mwingereza Patrick Hamilton, ya 1938, Gas Light. Taa za gesi zinafifia usiku, mke anaziona, mume anamfanya aamini akili yake ndiyo inayofifia. Kiingereza kimepata humo neno zima, gaslighting, la kumtilia mtu shaka kwenye akili yake mwenyewe. Filamu ya 1944 ndiyo iliyompa Ingrid Bergman Oscar yake ya kwanza. Somo: hofu haianzi mgeni akishika kisu. Inaanza mwenyeji akijiuliza, hivi nimeona au nimeota?

NEEMA: Na mwovu humo ni nani?

MASANJA: Mume.

NEEMA: Mume! Mwenye nyumba! Si mgeni masikini.

MASANJA: Mwenye nyumba kwa jina. Kwenye filamu nyumba ni ya mke. Yeye mume alishawahi kuingia humo zamani, akaua, akakimbia, halafu akamuoa mrithi ili arudi kutafuta vito. Ni mtu wa nje aliyepewa ufunguo.

NEEMA: Kwa ndoa! Ukihesabu hivyo kila mume ni mgeni.

MASANJA: Muulize baba mkwe wangu. Mwaka wa nane na jembe bado ninalo mkononi.

NEEMA: [kicheko] Umepewa jua likiwa juu. Sasa niseme lililonileta. Toka Jumanne usiku nilianza kuhesabu visu.

MASANJA: Ulifanya vizuri.

NEEMA: Sikiliza kwanza. Tuna visu vitatu. Kidogo cha vitunguu, kile cha mkate chenye meno, na cha samaki, mpini wake mama ameufunga mpira wa baiskeli kwa sababu magamba yanateleza. Kila usiku nawasha tochi ya simu, nafungua droo, moja, mbili, tatu, nafunga. Mtu amenisugulia sufuria, amemsuka mwanangu, na mimi navua viatu ili asisikie nikimhesabia visu.

MASANJA: Na Jumatano?

NEEMA: Jumatano vilikuwa viwili.

MASANJA: Neema!

NEEMA: Cha samaki hakipo. Nikaketi kwenye kochi mpaka kumepambazuka, Faraja mapajani. Yeye amelala kwenye godoro, amejikunja, mikono katikati ya magoti. Usiku huo hakuuliza hata kivuko.

MASANJA: Na asubuhi hukumwambia mama yako?

NEEMA: Niliogopa kuwa mimi ndiye nilikiweka mahali. Nimefika hapo! Nikajiambia umekata samaki Jumapili, umekisahau kwenye ndoo.

MASANJA: Ndiyo taa ya gesi hiyo.

NEEMA: Ijumaa narudi kazini, mama amekaa kibarazani peke yake anachambua dagaa. Mgeni yuko wapi? "Amepanda kivuko." Asubuhi binti alimwomba ampeleke Kamanga. Mama akampeleka, akamlipia nauli, akampa kandambili zake za bluu. Kikaondoka.

MASANJA: Peke yake?

NEEMA: Peke yake.

MASANJA: Hapana. Hapa dada, kwa heshima zote za mama, hapana. Mtu hajui usiku na mchana, hajui kivuko kilichoko mbele ya macho yake, mnampandisha chomboni? Kwenye maji?

NEEMA: Aliomba mwenyewe. Ni mtu mzima.

MASANJA: Mjumbe yupo kwa ajili gani? Mwenyekiti wa mtaa yupo, ustawi wa jamii wapo, polisi wana dawati la jinsia. Hospitali ya Bugando pale juu kuna madaktari wa akili. Siku nne hakuna aliyeambiwa hata jina lake.

NEEMA: Dakika kumi zilizopita ulitaka mjumbe aje amtoe kwa kuwa amesuka nywele. Sasa unamtaka mjumbe kwa huruma?

MASANJA: Kwa yote mawili! Mjumbe ni yuleyule.

NEEMA: Si yuleyule. Ukimwita ukiwa na hofu, anakuja na sungusungu na mtaa mzima unachungulia. Yule binti alikuwa haoneshi uso hata kwa muuza maji. Alikula kwetu kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

MASANJA: Na sasa yuko wapi? Hujui. Wala mimi sijui. Adabu ya kutouliza imemfikisha wapi?

NEEMA: …

MASANJA: Nauliza kweli.

NEEMA: Sijui. Lakini sitasema mama alikosea.

MASANJA: Na mimi sitasema alipatia.

NEEMA: Basi.

MASANJA: Basi. [kimya] Wasikilizaji, tupo. Hajaondoka mtu.

NEEMA: Leo asubuhi nimegeuza godoro la mama, lipigwe jua. Kisu cha samaki kipo chini yake. Upande wa kichwani.

MASANJA: Usiniambie.

NEEMA: Kile chenye mpira wa baiskeli.

MASANJA: Mama! Mama wa "mpishe mgeni apite"! Unaona sasa? Hata yeye…

NEEMA: Usimalizie. Nimekishika mbele yake, nikamuuliza. Akakitazama, akasema, "Nilikuwa nakata uzi wa godoro."

MASANJA: Uzi wa godoro. Kwa kisu cha samaki.

NEEMA: Akakichukua, akaenda kukiosha, akaanza kuparua sato. Sikuuliza tena.

MASANJA: Huyo mwanamke alikaribisha mgeni kwa mkono mmoja na mwingine uko chini ya godoro.

NEEMA: Au alikata uzi.

MASANJA: Dada Neema.

NEEMA: Uzi upo, Masanja. Umekatwa. Nimeuona.

MASANJA: Sawa, sawa. Jamani hiyo sauti mnayoisikia ni LUKU yetu, mita ya umeme, inalia. Nani alikuwa zamu ya kununua?

NEEMA: Wewe. Mimi nilinunua wiki ya mbuzi.

MASANJA: Umesema hatumtaji! Zimebaki uniti… sifuri nukta nne. Masomo mawili bado, la pili ndilo zuri kuliko yote, linahusu mtoto kwenye hadithi, kwa nini mtoto huwa…

NEEMA: Lisome wiki ijayo.

MASANJA: Wiki ijayo Jumamosi?

NEEMA: Jumamosi. Njoo jioni.

MASANJA: Jioni kabla ya magharibi au baada? Maana nikija baada itakuwa Juma