Yaya katika Behewa la Wazungu

Shikamooni wakubwa, vijana, habari za jioni. Ratiba inasema nizungumzie sheria za kutenganisha watu kwa rangi huko Marekani na kesi zilizozipinga. Nikizipitia zote tutalala hapa. Nitaanza na kifungu kimoja kidogo ambacho wasomaji wengi hukiruka.

Mwaka 1890 jimbo la Louisiana lilitunga sheria ya mabehewa. Kampuni za reli ziliamriwa kuweka mabehewa mbalimbali, au walau kulikata behewa moja kwa ukuta: Wazungu huku, weusi kule, na huduma ziwe "sawa". Abiria akigoma kukaa alikopangiwa na kondakta, alipe dola 25 au afungwe hadi siku 20. Halafu, kama mtu aliyekumbuka jambo mlangoni, sheria ikaongeza kwamba masharti hayo hayawahusu yaya wanaohudumia watoto wa rangi nyingine.

Hebu tulieni hapo. Mwanamke mweusi aliyempakata mtoto wa Kizungu anaingia behewa la Wazungu, anakaa, hakuna wa kumbughudhi. Mama huyohuyo akija siku ya mapumziko, tiketi kainunua kwa pesa yake, kiti kilekile kinamfanya mhalifu. Basi wale waliodai kwamba tatizo ni watu wa rangi mbili kukaa pamoja, sheria yao wenyewe iliwaumbua. Kukaa pamoja kulikuwa ruksa, mradi mmoja awe mtumishi. Hapa kwetu neno yaya halihitaji maelezo, kwa hiyo naamini mmenielewa upesi kuliko darasa langu la mwaka jana lilivyonielewa kwa mchoro ubaoni.

Kifungu hicho hakikumpita wakili Albion Tourgée. Alikuwa Mzungu, akakubali kuendesha kesi bila malipo, na katika hoja zake mbele ya Mahakama ya Juu alikitumia vilivyo: mweusi akiwa tegemezi anavumiliwa, asipokuwa tegemezi hatakiwi.

Waliomwita Tourgée walikuwa watu wa New Orleans. Mji huo ulikuwa na jamii ya weusi na machotara ambao familia zao nyingi zilikuwa huru hata kabla utumwa haujafutwa. Wengi wao walizungumza Kifaransa, na walikuwa na mafundi wao, wafanyabiashara, hata gazeti lao. Mwaka 1891 wakaunda Kamati ya Wananchi, wakachangishana fedha, wakaanza kuitengeneza kesi. Nasema kuitengeneza kwa makusudi. Tumezoea kusimuliwa kwamba mtu alichoka, akakaa, akakataa kuinuka. Hawa walipanga kama watu wanavyopanga harusi.

Jaribio la kwanza, Februari 1892, waliharibikiwa na ramani. Kijana wao, Daniel Desdunes, alikata tiketi ya kwenda Alabama, yaani nje ya jimbo. Mahakama ikasema sheria ya Louisiana haiwezi kugusa safari inayovuka mpaka. Desdunes akaachiwa, lakini kwa safari za ndani ya jimbo sheria ikabaki palepale.

Wakarudi upya. Tarehe 7 Juni 1892 fundi viatu Homer Plessy alikata tiketi ya daraja la kwanza kutoka New Orleans hadi Covington, mji wa ndani ya jimbo hilohilo, akakaa behewa la Wazungu. Sehemu saba kati ya nane za nasaba yake zilikuwa za Kizungu. Kwa kumtazama tu, nani angemtilia shaka? Ndiyo maana alichaguliwa. Kampuni ya reli ilikuwa na habari, nayo haikuipenda sheria hiyo kwa sababu ya mfukoni: behewa la ziada ni gharama. Kondakta akauliza, Plessy akajibu kwamba kwa sheria ya Louisiana yeye si Mzungu, na hahami. Mpelelezi akamkamata. Na mpelelezi huyo alikodiwa na Kamati yenyewe, ili Plessy ashtakiwe kwa sheria ya mabehewa hasa, wala si kwa kufanya fujo.

Pamoja na maandalizi yote hayo, wakashindwa. Tarehe 18 Mei 1896 Mahakama ya Juu iliamua kwa majaji saba dhidi ya mmoja. Jaji Henry Brown aliandika kwamba kama weusi wanaona kutengwa ni kudharauliwa, basi hiyo ni tafsiri yao wenyewe. Aliyepinga ni John Marshall Harlan, mtu wa Kentucky ambaye mwenyewe aliwahi kumiliki watumwa. Alisema kila mtu anajua lengo la sheria ile halikuwa kuwazuia Wazungu wasiingie behewa la weusi. Maneno yake kwamba Katiba haioni rangi hunukuliwa kila mahali. Lakini someni hukumu yake nzima, tafadhali. Humohumo analalamika kwamba Mchina anaruhusiwa kupanda na Wazungu ilhali raia mweusi hapana, na anawazungumzia Wachina kwa lugha isiyopendeza hata kidogo.

Sasa naruka miaka mingi. Charles Houston, aliyeongoza shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Howard, aliamua kutoishambulia uso kwa uso "mbalimbali lakini sawa", yaani kanuni iliyopata baraka katika hukumu ya Plessy kwamba kutenganisha ni halali mradi huduma ziwe sawa. Aliidai hiyo "sawa". Mnataka shule mbili za sheria? Jengeni ya pili, walimu walewale, maktaba ileile. Texas ikajaribu: mtumishi wa posta Heman Sweatt alipoomba kusomea sheria, jimbo likamfungulia shule ya haraka haraka. Ya Wazungu ilikuwa na wanafunzi 850 na vitabu zaidi ya 65,000; hiyo mpya haikuikaribia. Hesabu ilijisema yenyewe.

Ila kesi inayonikaa moyoni ni ya George McLaurin, mzee wa miaka sitini na kitu aliyeingia Chuo Kikuu cha Oklahoma kwa amri ya mahakama mwaka 1948, kusomea shahada ya uzamivu. Chuo kilimpokea, kikamkalisha kwenye chumba cha pembeni, anasikiliza mhadhara kupitia mlangoni. Maktaba, meza yake peke yake ghorofani. Chakula, saa yake peke yake. Kesi ikiendelea wakamsogeza ndani ya darasa, wakamzungushia kizuizi chenye kibao kwamba hapo ni pa weusi. Mwalimu yuleyule, ubao uleule, vitabu vilevile! Kwa vipimo vya "sawa", hapo hakuna cha kuhesabu. Juni 1950 majaji wote wa Mahakama ya Juu walikubaliana kwamba mtu aliyezuiwa kujadiliana na wenzake amezuiwa kujifunza. Houston alikuwa amefariki Aprili mwaka huohuo.

Hukumu ya mwaka 1954, iliyokataza kutenganisha watoto kwa rangi katika shule za umma, mnaijua. Mwanafunzi wa Houston, Thurgood Marshall, ndiye aliyeisimamia. Pengine hamjui kwamba mwaka 1960 Tom Mboya alimwita Marshall kuwasaidia Wakenya kwenye mazungumzo ya Katiba pale Lancaster House, London. Huko aliandika rasimu ya haki za binadamu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ikawa kuwalinda walio wachache, yaani Wazungu na Waasia wa Kenya. Hilo nalo lina mhadhara wake.

Nimalize na Plessy. Januari 1897 alirudi mahakamani New Orleans, akakiri kosa, faini ya dola 25 ikalipwa. Alifariki mwaka 1925. Tarehe 5 Januari 2022 gavana wa Louisiana alitia saini hati ya kumsamehe. Wanafunzi wa sheria mmesikia vizuri: ni msamaha, na anayesamehewa ni aliyekosa. Haya, karibuni kwa maswali. Tuanze na dada pale nyuma.