Siku ya Tatu Nyumbani: Kurudi Baada ya Safari Ndefu ya Baiskeli

Shikamooni wazee wangu. Kaka na dada, habari za jioni. Itifaki naomba ichukuliwe kuwa imezingatiwa, maana muda ni mfupi na jambo nililoitiwa ni zito kuliko linavyoonekana kwenye tangazo.

Nimeombwa nizungumze na mnaojiandaa kuondoka kwa baiskeli, wengine kwenda Cape Town, wengine Kairo. Nimefurahi kuona familia zenu nazo zimekuja. Habari za tairi, gia, viza na hema mmeshafundishwa, na wapo wengi wa kuwafundisha zaidi. Mimi nataka kuzungumzia kurudi. Hapo ndipo nimeona watu wazima, wenye miguu iliyopanda bonde la mto Abbay, yaani Nile ya Buluu, kule Ethiopia, wakikaa sebuleni kwao wamenyong'onyea, wala hawajui kinachowasumbua.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Msafiri wa baiskeli anaishi miezi, pengine miaka, bila kuifikia siku ya tatu. Unaingia kijijini jioni umejaa vumbi, watoto wanakuzunguka, mzee mmoja anaagiza uletewe maji ya kuoga. Unalishwa. Unaulizwa habari za utokako. Asubuhi unaagwa kwa dua, na jioni mambo yanaanza upya kwa watu wengine. Hakuna anayekujua vya kutosha kukudai ada, kukutuma dukani, au kukukumbusha ugomvi wa mwaka juzi. Halafu unarudi kwenu. Siku ya kwanza kuna pilau na vigelegele. Ya pili majirani wanakuja kuangalia picha. Ya tatu jembe liko mlangoni, na mikono imeshausahau mpini.

Wengi husema wanaikumbuka barabara. Mimi naamini kinachowauma zaidi ni ule ugeni uliokwisha.

Kuna Mjerumani anaitwa Heinz Stücke, aliyetoka mji mdogo wa Hövelhof mwaka 1962 kwa baiskeli ya gia tatu. Alikuwa fundi kiwandani, na kiwandani hakutaka kurudi. Alizunguka dunia kwa zaidi ya nusu karne, akapita kilomita zaidi ya 600,000, akijikimu kwa kuuza vijitabu vya safari yake. Mwishowe, akiwa mzee wa miaka sabini na ushee, akarudi kuishi Hövelhof ile ile. Namheshimu mno. Lakini nikiitazama safari yake naona kwamba hata njia ndefu kiasi hicho iliiahirisha tu siku ya tatu.

Mwingine ni Mpolandi Kazimierz Nowak. Mwaka 1931 aliacha mke na watoto wawili Poznań, akaanzia Tripoli, akateremka bara letu mpaka ncha ya kusini kabisa, kisha akapanda tena hadi Algiers mwaka 1936. Kilomita kama 40,000, kwa baiskeli, na pale baiskeli iliposhindwa, kwa miguu, farasi, ngamia na mtumbwi. Alirudi kwao na malaria mwilini. Oktoba 1937, hata mwaka haujatimia, akafariki kwa homa ya mapafu.

Kwa sababu ya Nowak naanza na mwili. Ukirudi, nenda hospitali hata kama unajiona mzima. Aliyepita Ethiopia anaweza kuwa amebeba malaria ya vivax, ambayo siyo ile tuliyoizoea zaidi huku kwetu. Vimelea vyake hujificha kwenye ini na kuamka baada ya wiki au miezi, wakati wewe umesharudi kazini na mbu wa huko umewasahau. Mweleze daktari kila ulikopita, kwa sababu dawa ya mseto husafisha damu lakini haiwafikii waliolala kwenye ini. Hao wana dawa yao, na kabla ya kupewa kuna kipimo cha damu. Aliyeoga Ziwa Nyasa apime kichocho, na asikimbilie kupima wiki ya kwanza, maana kipimo kinaweza kisionyeshe kitu mpaka miezi miwili mitatu ipite. Vidole viwili vya mwisho vya mkono vikiwa na ganzi, huo ni mshipa wa fahamu uliobanwa na usukani. Mara nyingi huachia wenyewe, lakini huchukua wiki kadhaa, pengine miezi.

Tumbo nalo lina mambo yake. Mtu anayepiga pedali kutwa na mizigo kwenye keria anamaliza sahani ya watu wawili, na ni haki yake. Akisimama, njaa haisimami siku hiyo hiyo, ilhali pumzi na nguvu za moyo huanza kupungua ndani ya wiki mbili tatu. Basi anajiona mzito, mchovu, analala saa mbili usiku, anaamka saa kumi alfajiri anatazama dari, anadhani akili imemharibikia. Mwili unadai kazi yake. Upe. Panda baiskeli saa moja kila alfajiri kabla jua halijawa kali, hasa wiki hizo za mwanzo. Na uchungu ukizidi, ukapita miezi hutaki kula wala kuonana na watu, hilo lipelekeni kwa daktari pia, bila aibu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wasafiri wa Ulaya hawatawafundisha. Ukiwa njiani watu wanafariki. Ndoa zinafungwa, watoto wanazaliwa, daftari la michango linapita, na mbele ya jina lako hakuna kitu. Usingoje kudaiwa. Niliporudi kutoka Kairo, kabla sijaonyesha picha hata moja, nilikaa na mama yangu akanitajia misiba yote, nikaenda kuhani nyumba kwa nyumba. Nyingine kilio kilishapoa zaidi ya mwaka. Nilifika, nikaketi, nikatoa mkono wa pole, nikasikiliza marehemu alivyougua, nani alimbeba, mvua ilivyonyesha siku ya maziko. Kwa baba mdogo mmoja nilikaa kutwa, hakuniuliza neno lolote la Kairo. Tuliongea habari za mkewe mpaka magharibi. Ilikuwa baada ya nyumba zile ndipo nilipojisikia nimefika kweli.

Nyumba nayo inakuwa imejifunza kwenda bila wewe. Mama watoto anajua fundi bomba gani mwaminifu, ada inalipwa kwa awamu ngapi, mtoto yupi siku hizi anaogopa giza. Watoto wakitaka ruhusa wanapita mbele yako wanamwendea yeye. Usikasirike. Aliyebeba mzigo wote huo ndiye wa kuulizwa, na swali la kumuuliza ni moja: zamu yangu ni ipi? Ukipewa ya kuamka na mtoto usiku, amka.

Lipo tena jambo ambalo kwangu bado halijatulia. Nilipita Sudan kabla ya vita vilivyoanza Aprili 2023. Kati ya Wadi Halfa na Khartoum, kando ya barabara ya jangwani, wenyeji huweka mitungi ya udongo chini ya kivuli, imejaa maji, kwa ajili ya yeyote apitaye. Khartoum nilikunywa chai kwa mama mmoja chini ya mti, akaikataa hela yangu. Leo taarifa ya habari ikisomwa, aliye pembeni yangu anasikia jina la nchi, mimi nasikia mtaa. Wapo wanaoshauri msafiri aliyerudi ayaache ya huko yabaki huko. Sikubaliani nao hata kidogo. Aliyekupa maji ana haki juu yako. Wasudani wamekimbilia Chad, Misri, Sudan Kusini, wengine wamefika mpaka Uganda, karibu kabisa na sisi. Ukiwa na namba ya mtu, piga. Ukikutana naye huku, mkaribishe kama ulivyokaribishwa.

Mwisho ninyi familia. Mtakapompokea, pilau ni jambo jema, lakini msimwache akikaa tu. Wiki ile ile ya kwanza mpeni kazi ya kufanya: kupeleka mtoto shule, kulisha mifugo, kusimamia mafundi wanaojenga choo cha bibi. Tena mchagueni mmoja wenu atakayekubali kuisikiliza safari yote, kijiji kwa kijiji, hata ikichukua jioni nyingi. Wengine watauliza habari za simba na kiasi alicholipwa, wataridhika. Huyo mmoja asimkatishe. Na daftari la misiba, ndoa na uzazi lianze siku anayotoka, lishikwe na mtu anayejulikana, siyo kila mtu na kumbukumbu zake.

Dada pale nyuma amenyoosha mkono muda mrefu. Naomba apelekewe maikrofoni, tuanze na swali lake.