Nywele, miguu na kibao: kuisoma historia ndani ya filamu za kung fu

Ndugu wasikilizaji, mnapotazama filamu ya kung fu ya Hong Kong, kabla ya ngumi ya kwanza tazameni nywele. Je, shujaa amenyolewa mbele na ana msuko mmoja mrefu mgongoni? Basi tuko chini ya nasaba ya Qing, ukoo wa Wamanchu uliotawala China. Mwaka 1645 watawala hao, waliovamia kutoka kaskazini, waliwaamuru wanaume wa Kihan, yaani Wachina walio wengi, wanyoe na kusuka hivyo, na aliyekaidi aliuawa. Shujaa anayewapigania watu wake amebeba kichwani alama ya kushindwa kwao, wala hakuna mhusika anayehitaji kulisema hilo. Mkiona raia wa miaka ya 1700 amefunga fundo la nywele utosini, naye si kasisi wa Kitao, dini ya jadi ya China, mtengenezaji amekosea.

Kisha shukeni miguuni. Katika Hung Gar, mtindo wa kung fu wa Guangdong, mkoa wa kusini mwa China, mkao wa farasi ndio msingi: miguu hupanuliwa kupita mabega, magoti hukunjwa mpaka mapaja yakaribie kulala sambamba na sakafu, na mgongo hubaki wima. Nguvu huanzia kwenye unyayo, hupita nyonga, ndipo ifike kwenye ngumi. Kamera ikiganda kifuani na picha zikakatwakatwa, tunabaki na mikono inayopepea. Mtindo umepotea, na mkoa uliouzaa umepotea nao.

Mwongozaji Lau Kar-leung hakukubali hasara hiyo. Baba yake, Lau Cham, alifundishwa na Lam Sai-wing, mwanafunzi wa Wong Fei-hung, yule tabibu na mwalimu wa Guangdong ambaye Kwan Tak-hing alimwigiza tangu 1949 katika filamu zaidi ya 70. Ndiyo maana Lau aliirudisha kamera nyuma hadi mwili wote uonekane: alikuwa akihifadhi elimu ya ukoo wake.

Sasa kibao, yaani ubao wa tangazo. Katika filamu ya Bruce Lee ya 1972, Fist of Fury, kibao cha bustani ya Shanghai, katika eneo la mji lililoendeshwa na wageni, kinawakataza mbwa na Wachina, naye anakivunja kwa teke. Kanuni za bustani ile kweli ziliwafungia Wachina mlango hadi 1928, na mbwa walikatazwa pia, ila katika vifungu viwili tofauti. Filamu imeviunganisha, na kwangu huo si uzembe: fedheha hukumbukwa kwa sentensi moja. Tena wakumbukeni waliolishangilia teke lile Hong Kong mwaka huo. Walikuwa wangali chini ya bendera ya Uingereza.